Jarida la wanafunzi la fasihi na sanaa: nani awe na neno la mwisho, na tutalirithishaje?

Mhariri wa Zamu, Moshi

Ndugu waandishi na wasomaji, salaam kwenu nyote.

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili katika chuo kikuu kimojawapo hapa Moshi. Tangu Novemba nimekabidhiwa uhariri mkuu wa jarida letu la fasihi na sanaa, kazi ambayo sikuigombea bali iliniangukia kwa kuwa ni mimi peke yangu niliyehudhuria vikao vyote. Jarida limekwisha kutoka mara mbili, kurasa 48 kila toleo, nakala 150, likiwa na mashairi, hadithi fupi, tamthilia moja ya onyesho moja, na michoro ya penseli ambayo ilitoka na weusi mwingi kiasi kwamba mchoraji mmoja alituuliza kama tulichapa picha yake au kivuli chake.

Nina mambo mawili ya kuuliza. La kwanza ni makabidhiano. Walionitangulia wamehitimu na kuondoka na nenosiri la barua pepe ya jarida, faili za toleo la pili, na orodha ya waandishi. Sidhani kama walifanya kwa ubaya, ila mmoja yuko kazini Mtwara na mwingine simu yake haipatikani. Nilichorithi ni bahasha ya risiti, nakala 37 ambazo hazikuuzwa, na boksi la miswada isiyo na tarehe, mingine haina hata jina. Waandishi wanne wameshanijia kuulizia kazi zao, nami sina jibu.

La pili ni zito zaidi. Mlezi wetu, ambaye ni mhadhiri wa idara, husoma kila kitu kabla hakijapelekwa kwa mchapaji. Safari hii ameondoa hadithi fupi moja inayomhusu mhadhiri wa kubuni anayemdai mwanafunzi rushwa ya ngono ili amfaulishe. Hakuandika sababu, alisema tu kwamba wakati wake bado. Wenzangu watatu kati ya saba wanataka tujitoe idarani na kuchapisha kwa fedha tutakazochangishana kutoka kwenye bumu, yaani posho ya mkopo wa wanafunzi. Mimi nasita, kwa sababu chumba, kompyuta na nusu ya gharama za uchapaji vinatoka huko huko idarani, ingawa kusita kwangu kunaanza kuitwa woga.

Waliowahi kuendesha jarida la namna hii, mlifanyaje?

Binti Meru, Arusha

Pole na hongera, mdogo wangu, kwa maana kazi hiyo huja na vyote viwili. Nilihariri jarida kama hilo kwa miaka miwili katika chuo kimoja cha huku Arusha, na nitajibu la kwanza tu, kwa kuwa ndilo lililonitesa.

Shahada ya miaka mitatu humpa mhariri mwaka mmoja wa kazi ya maana. Mwaka wa kwanza hajui lolote, na katika semista ya mwisho ya mwaka wa tatu akili yote iko kwenye tasnifu na mitihani. Kwa hiyo sisi tuliacha kukabidhiana Julai, wakati kila mtu anafunga begi, tukahamishia makabidhiano mwanzoni mwa semista ya pili. Mhariri anayetoka alibaki miezi minne kama mshauri asiye na kura, na anayeingia alitengeneza toleo moja zima huku mwenzake bado yuko hosteli ile ile, anaweza kugongewa mlango saa nne ya usiku. Ni hatua ndogo, lakini ndiyo iliyotuokoa kuliko hatua nyingine yoyote.

Barua pepe iwe ya cheo, isiwe ya mtu. Hilo mtaambiwa na kila mmoja. Ambalo hamtaambiwa ni namba ya simu ya kurejeshea akaunti. Sisi tulibadilisha nenosiri vizuri kabisa, tukasahau kwamba namba hiyo ilikuwa ya mhariri wa kwanza, ambaye laini yake ilikwisha kufungwa na kupewa mteja mwingine. Tulipofungiwa akaunti, tarakimu za uthibitisho zikawa zinakwenda kwa mama mmoja asiyetujua, naye kwa uungwana wake akakubali kutusomea kwa simu. Msitegemee uungwana wa namna hiyo mara mbili.

Nunua kaunta buku moja. Kila kazi inayoingia ipewe namba, tarehe, jina la mwandishi, aina ya kazi, herufi za mwanzo za majina ya wasomaji wawili, uamuzi, na tarehe ambayo mwandishi alijibiwa. Wasomaji wapewe kazi yenye namba tu, bila jina, na wakitofautiana aongezwe wa tatu. Sisemi kwamba jambo hili huondoa upendeleo wote, kwa sababu katika chuo kidogo watu hutambua mwandiko, mafumbo, na wakati mwingine hata msichana anayeimbwa katika shairi. Lakini humzuia mtu kusema kwamba mlimkataa kwa kabila lake au kwa chama cha wanafunzi alichokipigia kura. Na mhariri asichapishe kazi yake mwenyewe katika toleo analolihariri. Kanuni hiyo ilimfanya mjumbe wetu mmoja ajiuzulu kwa hasira. Toleo lililofuata akatuletea shairi kama mchangiaji wa kawaida, nalo likawa bora kuliko yote.

Mtapambana pia kuhusu mashairi. Ugomvi wa wanamapokeo, wanaoshika vina na mizani, na wanamageuzi, wanaoandika mashairi huru, ulipiganwa miaka ya 1960 na 1970, na *Kichomi*, diwani ya mashairi huru ya Kezilahabi, ilitoka mwaka 1974, lakini katika chumba chetu ulikuwa mbichi kama wa jana: mjumbe mmoja alikataa kila shairi lisilo na vina, na mwingine alikataa kila lenye vina. Tuliamua kila shairi lihukumiwe kwa sheria ililojiwekea lenyewe. Likijitangaza kuwa na mizani 16, yaani silabi 16, kwa mshororo, tunahesabu bila huruma. Likiwa huru, tunauliza kwa nini mstari umekatwa pale na si kwingine. Na mwambieni msoma prufu wenu asilisahihishe shairi kama insha. Wetu alizifuta inkisari, mazida na tabdila zote, yaani maneno ambayo mshairi aliyafupisha, kuyarefusha au kuyageuza ili mizani ikae, kwa kufuata kamusi, akamrudishia mshairi beti tano za Kiswahili sanifu kabisa ambazo hazikuwa na mshororo hata mmoja uliokaa sawa kwa mizani.

Boksi la miswada lisikutishe. Bandika tangazo kwamba mwenye kazi aje kuitambua ndani ya wiki tatu, na kazi isiyo na mwenyewe usiichapishe hata ikiwa nzuri namna gani.

Msomaji wa Kale

Naomba nijibu hilo la pili kwa njia ya mzunguko kidogo, maana naona vijana wanadhani wao ndio wa kwanza kukumbana nalo.

Majarida ya fasihi ya Afrika Mashariki yalilelewa vyuoni. Makerere kulikuwa na *Penpoint*, lililoanza 1958 chini ya mbawa za Idara ya Kiingereza. Hayati Ngũgĩ wa Thiong'o alichapisha humo hadithi zake za mwanzo, naye amesimulia kwamba siku moja alimsimamisha Jonathan Kariara, aliyehusika na jarida hilo, akamwambia kuwa ana hadithi fupi, ilhali alikuwa hajaandika hata neno. Ikambidi aende kuiandika. Kisa hicho nakileta kwa sababu wahariri wengi hukaa ofisini wakisubiri miswada, na miswada mizuri hupatikana koridoni. Mwaka 1965 David Cook, mwalimu wa idara hiyo, alitoa mkusanyiko wa kazi za wanafunzi wa Makerere, nyingi zikiwa zimepita kwanza katika jarida hilo. Dar es Salaam kulikuwa na *Darlite* na Nairobi kulikuwa na *Nexus*. Jambo linalonifurahisha kila nikilikumbuka ni kwamba yote matatu yalizaliwa na majina ya Kiingereza na yote matatu yakabatizwa upya: *Penpoint* likawa *Dhana*, *Darlite* likawa *Umma*, *Nexus* likawa *Busara*. Hata pale ambapo kurasa za ndani ziliendelea kwa lugha ya wageni, jaladani Kiswahili ndicho kilichopokea wageni mlangoni.

Sasa kuhusu kujitoa. Pale Dar es Salaam wanafunzi walikuwa na *Cheche*, jarida la kisiasa wala si la fasihi, nalo lilipigwa marufuku Novemba 1970 pamoja na umoja wa wanafunzi uliolichapisha. Hilo mnaweza kusema ni jambo la siasa na zama zake. Basi tazameni Marekani. *Chicago Review* huendeshwa na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Chicago tangu 1946. Mwaka 1958 lilichapisha maandishi ya William Burroughs, mwandishi mmoja wa gazeti la mjini akalishambulia kwamba linaeneza uchafu, na uongozi wa chuo ukazuia toleo lililofuata. Karibu wahariri wote wakajiuzulu, wakachukua miswada iliyozuiwa, na 1959 wakaanzisha jarida lao, *Big Table*. Posta ikazishikilia nakala, kesi ikaenda mahakamani, na wahariri wakashinda.

Wenzako watatu watapenda kuishia hapo. Lakini *Big Table* lilitoka mara tano tu, na 1960 likakoma. *Chicago Review* lipo hadi leo. Waliojitoa walishinda ugomvi na toleo lao likasomwa. Waliobaki ndio waliokuwa na jarida la kuwarithisha waliokuja baadaye. Sikuambii lipi ni bora, kwa sababu mimi mwenyewe nikiwa na miaka ishirini ningejitoa. Nakuambia tu kwamba ni vitu viwili tofauti, na kabla ya kupiga kura kamati yako iseme wazi inataka kipi: hadithi hii itoke, au jarida liwepo miaka kumi ijayo.

Mlezi Mstaafu

Mwanangu, nimekuwa mlezi wa chama cha wanafunzi cha fasihi kwa muda mrefu kabla ya kustaafu, na nitaongea kutoka upande wa meza usioupenda.

Mlezi akisema wakati wake bado, mara nyingi ana hofu ambayo haoni fahari kuitaja. Huenda mhusika katika hadithi ana kilema, gari, au msemo ambao chuo kizima kitamtambua mtu fulani. Huenda pia hakuna lolote la namna hiyo ila anaogopa kuitwa na wakuu wake. Hofu ya kwanza ni halali na ya pili si halali, nawe huwezi kuzitofautisha mpaka iandikwe. Kwa hiyo msiende kwake kudai uhuru. Nendeni na karatasi moja yenye kanuni, mkamwombe aisaini.

Kanuni hiyo iseme hivi. Ubora wa kazi, mada yake na lugha yake ni uamuzi wa wahariri. Mlezi anaweza kuzuia kazi kwa mambo matatu tu: ikiwa imeibwa, ikiwa inamkashifu mtu halisi anayetambulika, au ikiwa inafichua habari za faragha za mtu. Akizuia, aandike sababu ndani ya siku saba baada ya kupokea mswada, na mwandishi apewe nafasi ya kurekebisha. Siku saba zikipita kimya, kazi inakwenda kwa mchapaji. Mimi niliwahi kusaini kanuni kama hiyo kwa shingo upande, na nakiri kwamba ilinilinda zaidi kuliko ilivyowalinda wanafunzi, kwa sababu mkubwa wangu aliponiuliza kwa nini niliruhusu shairi fulani, nilimwonyesha kwamba halikuwa na kosa hata moja kati ya yale matatu.

Kuhusu hadithi yenyewe, mada si kosa. Rushwa ya ngono imetajwa kuwa kosa katika kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, na haiwezekani jambo linalokatazwa na sheria ya nchi liwe mwiko kusimuliwa darasani. Kaeni na mwandishi mtazame kama mhadhiri wake wa kubuni amebuniwa vya kutosha. Badilisheni somo analofundisha, umri, jengo. Mara nyingi hadithi huwa bora zaidi, kwa kuwa mwandishi kijana aliyekasirika hunakili, na akilazimishwa kubuni ndipo huanza kuandika.

Mkijitoa, kumbukeni kwamba ninyi ndio mtakuwa mchapishaji. Kuna Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 yenye masharti ya leseni kwa machapisho. Mkiwa chini ya idara swali hilo huulizwa ofisi ya chuo, mkiwa nje litawaangukia ninyi. Na kama jarida lina ISSN, ile namba ya kimataifa ya utambulisho wa majarida yenye tarakimu nane, mkibadilisha jina kabisa itawabidi muombe nyingine.

Jambo jingine dogo: waandishi wenu wasaini fomu ya ridhaa. Chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 kazi ni ya aliyeitunga tangu inapotungwa, bila kuandikishwa popote. Fomu iseme kwamba jarida linapewa ruhusa ya kuchapisha mara ya kwanza na kuhifadhi, na mengine yote yanabaki kwa mwandishi. Wale wachoraji wenu wanaouza picha kwa watalii wanaokuja kupanda mlima wasiogope kuwaletea picha walizokwisha kuziuza, maadamu wana nakala nzuri ya kamera: aliyenunua picha hakununua hakimiliki, isipokuwa kama walikubaliana hivyo kwa maandishi.

Mchapaji, Kaloleni

Shikamoo Mwalimu, na salaam kwa wengine. Mimi sina elimu ya fasihi ila nimechapa majarida ya wanafunzi kadhaa hapa Arusha, na ile habari ya kivuli imenichoma, kwa maana naijua ilivyotokea.

Mchoraji alipiga picha mchoro kwa simu usiku chini ya taa, akautuma kwa WhatsApp kama picha, programu ikaupunguza, mhariri akauvuta uenee ukurasa, na mchapaji hakusema kitu kwa kuwa alikuwa na foleni. Mchoro wa penseli upitishwe kwenye skana. Picha ya rangi ipigwe mchana kivulini, kamera ikitazamana nayo sawasawa, na itumwe kama dokumenti. Picha za mtindo wa Tingatinga zina shida ya peke yake, kwa sababu rangi yake ya kung'aa hurudisha mwanga kama kioo. Mpigaji picha asimame pembeni mwa dirisha, asielekee dirisha. Uchapaji mzuri unataka nukta 300 kwa kila inchi, maana yake picha itakayochukua upana wa sentimita 10 inahitaji nukta kama 1,180 kwa upana. Ikiwa na pungufu sana ya hapo, ichapeni ndogo. Picha ndogo iliyo safi haina aibu.

Kurasa ziwe za kugawanyika kwa nne, kwa kuwa karatasi moja ikikunjwa katikati hutoa kurasa nne. Vijana huniletea kurasa 50 wakishangaa kwa nini mbili za mwisho ni tupu. Kurasa 48 za A5 ni karatasi 12 za A4 zilizokunjwa, zinabanwa kwa pini mbili mgongoni bila taabu. Rangi ni ghali, basi wekeni picha za rangi zote katika karatasi moja ya katikati, zipate kurasa nne mfululizo, na zilizobaki ziwe nyeusi na nyeupe. Kwa nakala 150 msikubali kutengenezewa pleti za ofseti, yaani mabamba ya mashine kubwa ya uchapaji, kwa sababu gharama ya pleti ni ile ile mchape 150 au 2,000. Tumieni mashine ya dijitali, na mchape 100 kwanza. Nakala 37 zilizobaki ni fedha iliyolala.

Mhariri wa Zamu, Moshi

Nawashukuru nyote. Dada Binti Meru, kaunta buku nimenunua jana na kazi 61 zimeshapewa namba. Watu tisa wamekuja kutambua miswada yao, mmoja akiwa mhitimu ambaye sasa anafundisha sekondari Mwanga na alikuwa amekwisha kukata tamaa.

Tulikaa kikao Alhamisi. Swali la Msomaji wa Kale niliwasomea kama lilivyo, nalo likawagawa hata wale watatu: wawili walisema wanataka jarida liwepo, mmoja alisema anataka hadithi itoke, na huyo mmoja ndiye mwandishi wake, jambo ambalo wengi wetu hatukulijua kwa kuwa mswada ulikuwa hauna jina. Hatujajitoa. Karatasi ya kanuni tatu nimempelekea mlezi. Hakuisaini papo hapo, ila aliisoma mara mbili mbele yangu, akauliza siku saba zinahesabiwaje kukiwa na sikukuu katikati, na nikachukulia kwamba mtu asiyetaka kusaini haulizi habari za sikukuu. Amesema pia kwamba tatizo lake katika hadithi ni jengo lenye ngazi za chuma, kwa sababu chuoni kwetu ngazi za chuma ziko mahali pamoja tu. Mwandishi amekubali kuzing'oa.

Limebaki swali moja kwa kaka Mchapaji. Tuna shairi la tarbia, la mishororo minne kila ubeti, lenye mizani 16, na katika A5 kila mshororo unamwaga neno moja chini. Tupunguze herufi?

Mchapaji, Kaloleni

Msipunguze, mtawaumiza wasomaji macho. Kateni kila mshororo pale kina cha kati kinapoishia, ukwapi, yaani nusu ya kwanza, ubaki mstari wa juu, utao, nusu ya pili, ushuke mstari wa pili ukiwa umesogezwa ndani kidogo, na mfanye hivyo kwa shairi zima bila kuruka ubeti. Ikiwa mshairi anataka mshororo ukae mstari mmoja, shairi lake ligeuzwe lilale kwa upana wa ukurasa, ingawa msomaji atalazimika kugeuza jarida, na mimi binafsi sipendi. Muulizeni mwenyewe anachagua lipi, kisha niletee faili kabla ya Jumatano, kwa maana baada ya hapo nina kadi za harusi mbili.